Msiulize tu nani aliwasha, ulizeni nani alipanga kuni

Kuna vidio za watu wakikimbia mji wa Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, ambazo nimeziangalia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu anayetaka kulala usiku. Ni asubuhi lakini nje giza totoro, magari yamepanga foleni moja inayosogea kidogo kidogo, pembeni nyumba zinawaka, nguzo zinawaka, cheche zinapita mbele ya kioo kwa ulalo kama mvua ya upepo, afu ndani ya gari unasikia mtu anahema tu, hasemi kitu. Moto ule ulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ndani ya masaa machache sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeshakwenda. Watu 85 walikufa. Majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 65, watu ambao magoti yao hayakuwaruhusu kukimbia, wengine hawana gari, wengine walikutwa ndani ya nyumba zao.

Nikimwonyesha mtu vidio hizo swali la kwanza ni lile lile: nani aliwasha? Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kila kiangazi kikifika kule kaskazini mwa dunia, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, na kila kiangazi cha kusini kikifika mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, picha zinaanza kumiminika, anga jekundu, helikopta na ndoo yake ya maji inayoonekana kama kijiko, na mimi nilikuwa nasoma habari nzima kutafuta jina la mwenye kosa. Mvuta sigara. Mchoma takataka. Kichaa fulani na kiberiti. Ukishampata unahisi kama habari imeisha, si ndio?

Haijaisha, na ndio maana naandika hii. Cheche ni jambo la sekunde moja, kuni zimepangwa kwa miaka. Tukimtafuta wa sekunde moja tu, wale wa miaka tunawaacha wanaendelea kupanga.

Mtu yeyote aliyewahi kukoka moto wa kuni anajua zaidi kuhusu moto wa msitu kuliko anavyodhani. Huwezi kuchukua gogo bichi ukaliwekea kiberiti likashika, utapuliza mpaka machozi yakutoke na moshi ukuingie kichwani. Unaanza na majani makavu, vijiti vyembamba, vikishashika ndio unaweka vinene, na unaacha nafasi hewa ipite chini. Msitu nao ni hivyo. Vinavyoamua kama leo kutawaka ni vitu vidogo vidogo vya chini, nyasi zilizokauka, majani yaliyodondoka, matawi membamba, ambavyo vinakauka ndani ya saa moja tu jua likiwa kali na upepo ukiwepo, wala havihitaji mwezi. Magogo yale manene yanachukua wiki nyingi au miezi kukauka, lakini ukame ukikaa muda wa kutosha nayo yanafika huko, na yakishafika basi moto haulali usiku kama ulivyokuwa ukilala zamani.

Afu kuna mlima. Hii ilinishangaza mwanzoni manake kichwani nilikuwa naona moto unashuka kama maji, kumbe unapanda, na unapanda mbio. Moto wa chini ya mteremko unainama kuelekea mlimani na kuikausha na kuipasha moto mimea ya juu yake kabla haujaigusa. Wazima moto wana kanuni yao ya haraka haraka kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10 kasi ya moto unaopanda inakaribia kuwa mara mbili. Sasa fikiria nyumba imejengwa juu kileleni kwa ajili ya kuona mandhari nzuri, na chini yake bonde lenye vichaka.

Na upepo. Upepo unasukuma moto lakini kibaya zaidi unabeba cheche, na sio cheche zile za kwenye jiko, nasema vipande vya magome vinavyowaka, matawi, majani ya mikaratusi yaliyojikunja, vinapanda na moshi juu kabisa na kutua mbele. Siku ile wanayoiita Jumamosi Nyeusi kule Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, ambapo walikufa watu 173 na joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4, cheche zilikuwa zinaanzisha moto mpya kilomita nyingi mbele ya moto wenyewe. Kwa hiyo ile picha ya ukuta wa moto unaokuja na watu wanausubiri na mipira ya maji, mara nyingi sio hivyo. Moto unakuwa umeshakupita angani na unakuja nyuma yako.

Moto mkubwa unafika mahali unajitengenezea hali yake ya hewa. Joto linapanda kwa nguvu mpaka linaumba wingu la radi juu ya moshi, wingu kweli kweli, na wingu hilo linapiga radi, na radi hizo zinawasha moto mwingine. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo.

Haya, turudi kwa aliyewasha, manake sisemi hana kosa. Nchini Marekani takriban asilimia 85 ya moto wa nyika unaanzishwa na binadamu kwa njia moja au nyingine, moto wa kambi ulioachwa bila kuzimwa, takataka zilizochomwa siku ya upepo, mnyororo wa trela unaoburuzika barabarani unatoa cheche, mashine ya kukata majani imegonga jiwe, nyaya za umeme, na ndio, wapo wanaowasha makusudi. Radi inachukua sehemu iliyobaki, ingawa moto wa radi mara nyingi unaanzia ndani kusikofikika kwa hiyo ukishakua unakula eneo kubwa sana.

Ule wa Paradise ulianzishwa na kulabu. Kulabu moja ya chuma iliyoshikilia waya wa umeme mkubwa kwenye nguzo ya mlimani, imekaa hapo karibu miaka 100, imelika taratibu kwa kusuguana, ikakatika asubuhi ile ya upepo. Kampuni ya umeme PG&E mwaka 2020 ilikiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Mimi hapo ndipo niliacha kuona cheche kama ajali. Hata cheche yenyewe ilikuwa imeandaliwa miaka mia, kila siku chuma kinapungua kidogo na hakuna aliyepanda kukibadilisha.

Sasa kuni. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 1910, tarehe 20 na 21 Agosti, upepo mkali ulikuta moto mdogo mdogo mwingi umetapakaa kwenye milima ya Idaho na Montana, ukauunganisha, na ndani ya siku mbili kama hekta milioni 1.2 zikawaka. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wazima moto. Idara ya misitu ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Na unaweza kuelewa, siwalaumu kwa hilo, watu wamezika wenzao, wakatoka pale wameapa kwamba moto ni adui na lazima uzimwe popote unapoonekana. Mwaka 1935 ikawa kanuni rasmi, kila moto ukigunduliwa uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wakajenga minara, wakanunua ndege, wakafundisha vijana kuruka na miamvuli kuzima moto mlimani, na kwa muda mrefu walifanikiwa.

Tatizo ni hayo mafanikio. Misitu mingi ya paini ya magharibi mwa Marekani ilikuwa imezoea kupitiwa na moto mdogo kila baada ya miaka kadhaa, moto wa magotini, unakula nyasi na vichaka na miche iliyosongamana, unaiacha miti mikubwa yenye magome manene imesimama. Yani moto ulikuwa ndio mfagiaji. Ukimzuia mfagiaji miaka 80, 90, nini kinatokea? Majani yanarundikana, matawi yaliyokufa yanarundikana, miche inaota bega kwa bega mpaka inakuwa ngazi, na moto ukija siku moja, na lazima utakuja, haukai tena chini, unapanda ngazi hiyo mpaka vileleni mwa miti, na moto wa vileleni ukishashika na upepo upo hakuna binadamu wa kuuzima, unasubiri tu upepo utulie au mvua inyeshe.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwepo watu waliojua. Wenyeji wa asili wa California, Wakaruk, Wayurok na wengine, walikuwa wanachoma wenyewe kwa mpango tangu zamani za mababu, kipande hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, kwa msimu wake, ili mialoni izae vizuri, vichaka vya kusukia vikapu vitoe fito zilizonyooka, wanyama wapate majani mapya. Walikuwa wanasoma upepo na unyevu wa majani kwa mkono. Mwaka 1850 California ikatunga sheria iliyoruhusu kuwaadhibu wenyeji hao kwa kuchoma nyika. Watu wakaadhibiwa kwa kufagia nyumba yao! Australia nako Waaborijini walikuwa na ujuzi wao kama huo na nao ulikatizwa vivyo hivyo, walipoondolewa kwenye ardhi ujuzi ukabaki hauna pa kufanyia kazi. Leo idara za misitu zinarudi kwa wazee hao hao kuwaomba wafundishe. Nafurahi wanarudi. Ila mzee aliyekuwa anajua bonde hili linachomwa lini hayupo tena, na hakuna kitabu alichoacha.

Kuni sio za namna moja lakini. Ureno ni hadithi nyingine kabisa. Kule vijiji vya ndani viliishiwa watu, vijana walikwenda mijini na nje ya nchi, mashamba yaliyokuwa yanalimwa na kulishwa mbuzi yakaachwa, na shamba lililoachwa halibaki wazi, linajaa vichaka. Pembeni ikapandwa mikaratusi kwa ajili ya viwanda vya karatasi, manake inakua haraka na hela yake inaonekana ndani ya miaka kumi na kitu, kwa mwenye kipande kidogo cha ardhi asiye na mtu wa kumlimia ni jambo la maana, mimi singemcheka. Mikaratusi ina mafuta kwenye majani na magome yake yanabambuka na kuning'inia kama vitambaa. Tarehe 17 Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, na zaidi ya 40 kati yao walifia kwenye barabara moja, N-236-1, au pembeni yake, ndani ya magari au walipotoka wakajaribu kukimbia kwa miguu, miti ya pande zote mbili ikiwaka. Mwezi wa kumi mwaka huo huo Ureno ikaungua tena, wakafa wengine kama 50.

Na mji wa Lahaina, Hawaii. Watu wengi waliona ajabu kisiwa cha bahari na mvua kuungua namna ile tarehe 8 Agosti 2023, watu 102 wakafa. Lakini milima ya juu ya mji ilikuwa mashamba ya miwa kwa zaidi ya karne, mashamba yakafungwa, na yalipofungwa zikaingia nyasi za kigeni ambazo zilikuwa zimeletwa kwa ajili ya malisho, nyasi ndefu zinazokua haraka mvua ikinyesha na kukauka haraka ikikatika. Siku hiyo upepo mkali ukashuka kutoka milimani. Wahenga walisema moto hauzai moto, huzaa jivu. Kwenye nyasi hizi sio kweli, jamani. Moto ukipita miti ya asili inakufa, nyasi zinachipua za kwanza, zinakauka za kwanza, na moto unaofuata unakuta kuni nyingi kuliko ule wa kwanza. Moto unazaa moto.

Juu ya yote haya limekaa joto. Hewa ikipata joto inakuwa na kiu, inavuta maji kutoka kwenye majani na udongo kama kitambaa kikavu kwenye meza yenye maji, kwa hiyo hata mvua ikiwa ile ile ya miaka yote mimea inakauka zaidi. Theluji ya milimani inayeyuka mapema, na msimu wa moto unaanza mapema na kuisha kwa kuchelewa. Kijiji cha Lytton, British Columbia, tarehe 29 Juni 2021 kilipima nyuzi 49.6, joto ambalo Kanada haikuwahi kuliona popote kwenye kumbukumbu zake. Kesho yake kijiji kikaungua, karibu chote, watu wawili wakafa. Siku moja walikuwa kwenye habari kwa ajili ya rekodi, siku ya pili hawana kijiji. Tunaochoma mafuta na makaa ya mawe, nchi moja moja kwa kadiri yake, na sisi tumo kwenye orodha ya wapanga kuni, wengine wamebeba mizigo mizito sana na wengine vijiti tu.

Msitu wenyewe ukishaungua unakuwaje? Hapa watu wanagawanyika, kuna wanaosema moto ni kifo na kuna wanaosema ni asili uacheni, na wote wana nusu. Kuna miti inayousubiri moto kabisa. Paini fulani za milima ya Rocky zina koni zilizofungwa kwa utomvu, hazifunguki mpaka zipate joto la moto, afu zinamwaga mbegu kwenye majivu. Hifadhi ya Yellowstone iliungua zaidi ya theluthi moja mwaka 1988, watu walilia kwamba imekwisha, na miaka michache baadaye miche ilikuwa imefunika ardhi kama nywele. Hiyo ni kweli na inapendeza.

Lakini msitu unarudi kama moto ulikuwa wa aina inayoujua na kama umepewa muda. Sekwoya, miti mikubwa kabisa ya California, magome yake yanaweza kufika unene wa zaidi ya nusu mita, imepitiwa na moto mara nyingi katika maisha ya miaka 2,000 au 3,000. Tuliamini moto hauwezi kuiua mikubwa. Mwaka 2020 moto mmoja tu, ule wa Castle, ulikadiriwa kuua kati ya asilimia 10 na 14 ya sekwoya wakubwa wote waliokuwepo duniani kwenye makazi yao ya asili. Moto mmoja. Mti umeona himaya zikisimama na kuanguka, umestahimili kila kitu, ukaja kushindwa na kuni za miaka mia moja tulizozirundika chini yake. Nilisoma hesabu ile nikaifunga simu.

Na pale moto unaporudi haraka mno, kabla miche haijafika umri wa kuzaa mbegu, basi hakuna mbegu, na msitu unageuka kichaka, kichaka kinageuka nyasi. Haurudi kwa maisha yetu wala ya watoto wetu. Kaskazini kule Kanada kuna ardhi ya mboji iliyojikusanya maelfu ya miaka, inashika moto chini kwa chini, theluji inaifunika, moto unaendelea kufuka huko chini kipindi chote cha baridi na kuibuka tena kwenye masika. Mwaka 2023 Kanada iliunguza kama hekta milioni 15, zaidi ya mara mbili ya rekodi yao ya nyuma. Hewa ya ukaa iliyokuwa imefungiwa kwenye miti na mboji ikapanda juu, kwenda kuongeza joto lile lile lililoikausha.

Wanyama nitasema kidogo tu manake siwezi kukaa nalo. Ule msimu wa Australia wa 2019 hadi 2020, watafiti walikadiria karibu wanyama bilioni 3 waliuawa au kupoteza makazi, mamalia, ndege, reptilia, vyura. Akili yangu haishiki namba hiyo kabisa. Naishika picha moja ya kangaruu amesimama mbele ya nyumba inayowaka, basi.

Watu sasa. Moto ukishaondoka kamera zinaondoka, na hapo ndipo kwa watu mambo yanaanza.

Moshi kwanza. Msimu ule wa Australia waliouawa na miale yenyewe walikuwa 33, lakini makadirio ya watafiti ni kwamba moshi uliua zaidi ya 400, watu wa moyo na mapafu, kwenye vitanda vyao, mbali na moto. Hakuna anayewawekea mnara. Chembe za moshi huo ni ndogo kiasi kwamba zinapita mapafu na kuingia kwenye damu. Tarehe 7 Juni 2023 moshi wa Kanada uliigeuza New York kuwa rangi ya chungwa, mamia ya kilomita kutoka kwenye moto wenyewe, na watu ambao siku ya jana yake walidhani moto wa misitu ni shida ya watu wa porini wakawa wanatafuta barakoa. Na moshi unaopita kwenye nyumba zilizoungua sio wa miti tu, una rangi za ukuta, plastiki, betri, mabomba. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani. Kwa hiyo yule kijana unayemwona anatoka na uso mweusi na watu wanampigia makofi, bado hajamaliza kulipa. Wengine hawatoki kabisa, Arizona mwaka 2013 moto wa Yarnell Hill ulichukua vijana 19 wa kikosi kimoja kwa mara moja.

Maji ya kunywa. Hii sikuijua kabisa mpaka niliposoma habari za Paradise na Santa Rosa, mji mwingine wa California ulioungua. Mabomba ya plastiki yakiungua na presha ya maji ikishuka, mtandao wa mabomba unavuta sumu, na baada ya moto walipima maji wakakuta benzini, kemikali ya sumu. Nyumba yako imepona kwa bahati, unashukuru Mungu, unafungua koki, na maji yanayotoka huruhusiwi kuyanywa wala kuyachemsha.

Afu mvua. Watu wanaiombea mvua ije izime moto, na inapokuja inakuta mlima hauna mizizi hai wala majani ya kuvunja matone, na udongo uliochomwa wakati mwingine unakuwa na tabaka linalokataa maji kama kitu kilichopakwa nta. Montecito, California, moto wa Thomas ulipita mwezi wa kumi na mbili 2017, na alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018 mvua ikateremsha tope na mawe makubwa mpaka kwenye nyumba zilizokuwa zimeokoka na moto. Watu 23 walikufa. Walikuwa wameshaokoka, yani.

Na jamii inavunjika kwa njia ambayo huwezi kuipiga picha. Waliokuwa wapangaji hawana cha kurudia, wenye nyumba wanapambana na bima, na kampuni za bima zinaanza kukataa kuandikisha nyumba za maeneo hayo. Kodi za miji ya jirani zinapanda manake watu wote wanatafuta chumba kwa wakati mmoja. Shule inafunguliwa kwenye jengo la kuazima na nusu ya watoto hawapo. Mzee aliyeishi mtaa mmoja miaka 40 anahamia kwa mwanae mkoa mwingine, na hafi kwa moto, ila ukiwauliza wanawe watakwambia alikufa na mtaa wake.

Mati, Ugiriki, tarehe 23 Julai 2018. Watu 104 walikufa kwa moto. Kijiji cha mapumziko kando ya bahari, bahari iko pale pale unaisikia, na njia nyingi zilikuwa nyembamba, nyingine zinaishia kwenye ukuta, viwanja vimejengwa bila mpango kwa miongo mpaka njia za kushukia ufukweni zikazibwa. Watu 26 walikutwa pamoja kwenye kiwanja kimoja karibu na ukingo wa mwamba, wengine wamekumbatiana. Bahari chini yao. Kila aliyeziba njia kwa ukuta wake mahali kama pale, na kila ofisa aliyegonga muhuri au aliyefumba macho, hakuwasha kitu chochote maishani mwake. Ndio maana nasema swali la nani aliwasha ni dogo mno.

Naulizwa basi tufanye nini, na nimechoka na majibu makubwa makubwa. Najua madogo. Nyumba nyingi haziungui kwa miale, zinaungua kwa cheche zilizotua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa, kwenye kuni zilizoegeshwa ukutani, zilizopenya kwenye tundu la hewa la dari. Kusafisha mita moja na nusu kuzunguka ukuta ni kazi ya Jumamosi moja, wavu mwembamba wa chuma kwenye matundu ni kazi ya saa moja. Jirani yako akikataa basi kazi yako inapungua nguvu nusu, manake nyumba yake ndio kuni za kwako, kwa hiyo lazima mzungumze hata kama hamsalimiani. Mji uwe na njia mbili za kutokea. Pawe na orodha ya nani hana gari na nani hawezi kutembea, na jina la atakayemfuata. Kuchoma kwa mpango kipindi cha baridi hata kama moshi unakera wiki moja. Mbuzi wa kula vichaka, ndio, mbuzi, wanafanya kazi kweli.

Kuna kijiji kidogo Ureno kinaitwa Ferraria de São João. Moto ule wa 2017 ulikifikia, umeshakula mikaratusi na paini za milima yote ya jirani, na upande mmoja ukakutana na mialoni ya zamani, ile ambayo gamba lake ndilo linalotengenezwa vizibo vya chupa. Gamba hilo haliwaki kirahisi, chini yake hapakuwa na vichaka vingi, moto ukapungua nguvu pale. Baada ya hapo wanakijiji wakaitana kikao. Viwanja vilikuwa vya watu tofauti, kila mmoja na mikaratusi yake na hela yake aliyokuwa anaihesabu, wengine wenye ardhi hata hawaishi hapo. Wakakubaliana kung'oa mikaratusi iliyozunguka kijiji na kupanda mialoni na miti mingine ya asili mahali pake, kama mkanda. Mwaloni wa aina ile unachukua kama miaka 25 kabla ya kuvuliwa gamba la kwanza, na gamba la mwanzo huwa halifai hata kwa vizibo. Mtu aliyeshika jembe siku ile akiwa na miaka 60 anaijua hesabu hiyo vizuri tu, na alichimba shimo, akaweka mche, akasogea hatua chache, akachimba lingine.